Tarsia sio mdogo wake komba

Juzi usiku niko kwa bibi Pangani nikasikia ule mlio kama mtoto analia, nikatoka na tochi nikamulika mnazi, komba huyo, macho mawili yanawaka kama kaa la moto. Jicho la komba kwa nyuma lina kama kioo, mwanga ukipita unarudishwa tena, ndo maana usiku anaona vizuri. Hapo hapo nikamkumbuka tarsia, kamnyama ka visiwa vya Asia huko, Ufilipino, Borneo, Sumatra, Sulawesi, ukiona picha yake utaapa ni mdogo wake komba: mtembea usiku, anaruka mti kwa mti, miguu mireefu, macho ndo usiseme. Wataalamu wenyewe miaka mingi walimweka kundi moja na komba na lemuri wa Madagaska.

Lakini tarsia hana kile kioo! Nyani hana, tumbili hana, mimi na wewe hatuna. Inavyoelezwa ni kwamba mababu zake walihamia mchana, kioo kikapotea, baadaye ukoo wake ukarudi usiku ila kioo hakikurudi tena, basi ikabidi jicho lenyewe likue, likakua mpaka jicho moja linalingana na ubongo wake, na mnyama mzima ana gramu mia na kitu tu. Halizunguki kabisa, akitaka kuangalia pembeni anageuza kichwa chote mpaka mgongoni.

Na pua. Ya komba ina majimaji kama ya mbwa, ya tarsia kavu kama yetu. Pocock, mtaalamu wa wanyama wa Uingereza, mwaka 1918 alishika hapo hapo kwenye pua akamleta upande wa nyani na binadamu, watu wakabishana weeee, mpaka DNA nayo ikaja kumuunga mkono. Hata vitamini C tarsia hajitengenezei mwilini, sisi vilevile, komba anajitengenezea. Halafu 2013 ikatangazwa mifupa ya Archicebus, kamnyama ka kale kutoka Hubei, China, ya miaka milioni 55 hivi, wa ukoo wa tarsia lakini kisigino kinafanana na cha nyani, yaani karibu kabisa na pale njia za tarsia na nyani zilipoachana. Ile miguu ya kurukia basi, tarsia na komba kila mmoja kaipata kivyake.

Bibi akauliza namulika nini, nikamhadithia yote. Akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo huyu anayeninywea tembo langu sio ndugu?"

Ni ndugu, bibi, ila wa mbali zaidi.