Kiuno changu nilikipima kwa uzi

Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga. Dada yangu alipokaribia kuolewa nilikuwa na hakika kwamba mimi ni bonge. Shangazi naye alikuwa na hakika kwamba nimekwisha, kila akija ananibana mkono na kuuliza kama ninakula. Mwili ni huo huo mmoja.

Mashoga walinipa ya ndimu na maji ya moto, hayo tuyaache. Nikaenda kwa kijana wa mizani karibu na soko, mia mbili sijui tatu. Nikapanda na baibui, viatu na mkoba wenye mkasi wa chuma na pasi ndogo ya mteja. 69! Nikamwambia mizani yake mbovu. Akaitoa mchangani akaiweka kwenye saruji, nikavua viatu, nikamshikisha mkoba, ikasoma 65 na ushei. Kijana akaninong'oneza nikitaka zishuke zaidi nije kabla ya kula. Kumbe kilo zinajadiliwa kama bei ya samaki!

Jirani yetu, aliyesimama upande wa shangazi, akaniletea vidonge kwenye kipande cha gazeti. "Meza hivi, mwanangu, mashavu yataitika." Vyeupe ni vya mzio, vinaleta njaa na usingizi. Vile vidogo ni deksamethasoni, dawa kali ya kutuliza uvimbe, najua maana nilimuuliza mara mbili. Uso unajaa kweli, ila unajaa maji na mafuta, na sukari na presha navyo vinapanda. Aliyevizoea akiviacha ghafla anaweza kuanguka. Wasichana wangapi wanavimeza kabla ya harusi wakidhani ni vitamini! Nikasema ahsante, nikavitia kwenye kopo la vifungo.

Sasa siku moja akaja mwanafunzi wa chuo, anataka gauni, na kila nikishika futi ananiambia nizidishe, kiuno chake kikubwa. Nikachoka. Nikampa uzi wa sufi: "Usijizungushie. Weka hapo mezani duara unaloona ni kiuno chako." Akaliweka. Nikampima kwa futi, nikailaza ndani ya lile duara. Nafasi iliyobaki ilimeza ngumi yangu nzima. Akacheka, akasema nimefanya mazingaombwe.

Jioni nilifunga mlango nikafanya langu. Mimi ninayeshika futi tangu asubuhi! Futi ilisema inchi 30, uzi ukasema 37. Nikarudia taratibu, nikapata 36. Tangu hapo kila mteja namwekea uzi, na wengi duara linazidi. Hata yule anayetaka nimwekee sponji za nyonga kwa kuwa ati ni kimbaumbau, lake nalo linazidi. Usimpe uzi mbele ya mama yake, hapo atadanganya.

Kliniki muuguzi alinipima kwa dakika moja: kilo 64, urefu mita 1.62, ukigawa kilo kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe unapata 24 na kidogo. Kawaida ni 18.5 hadi 24.9. Hesabu hiyo aliianzisha Quetelet, Mbelgiji wa karne ya 19, na wala hakuwa daktari, ni mtu wa hisabati na nyota. Mimi napenda zaidi ile ya kifundi: kiuno kisifike nusu ya urefu. Urefu wangu inchi 64, nusu yake 32. Basi.

Gauni la harusi nikalishona kwa namba za futi, bila kujiachia nafasi ya woga. Shangazi kuniona tu: "Umenawiri!" Kilo hata moja haijaongezeka, ni nguo kukaa mahali pake. Jirani akadakia mbele ya wanawake wote ukumbini: "Si vile vidonge vyangu?" Nikamwambia vyote vimo kwenye kopo la vifungo, aje avichukue. Siku hizi nguo zake anashonea Makorora.