Oliver Hill, wakili aliyepinga ubaguzi wa rangi katika shule za umma za Virginia, Marekani

Oliver Hill (1907–2007) alisomea sheria Chuo Kikuu cha Howard, darasa moja na Thurgood Marshall, baadaye jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani, akafanya kazi Richmond, Virginia. Mkewe, Beresenia, alikuwa mwalimu; kesi ya kudai mishahara sawa kwa walimu Weusi wa Norfolk, waliyoshinda kwenye rufaa 1940, ilimgusa nyumbani.

Kesi kubwa ilianzia Farmville, katika Kaunti ya Prince Edward, Virginia, Aprili 1951. Wanafunzi wa Moton, shule ya sekondari ya Weusi, waligoma: shule iliyojengewa watu 180 ilibeba zaidi ya 450, wengine wakisomea kwenye vibanda vya karatasi ya lami. Hill na wakili mwenzake Spottswood Robinson waliweka sharti moja ili waichukue kesi: wazazi wakubali kudai ubaguzi wenyewe, yaani kutenganisha shule kwa rangi, ufutwe. Kwangu mimi, hapo ndipo penye ufundi wote. Ukidai jengo, kaunti inajenga na ubaguzi unabaki. Na kweli 1953 ilijenga Moton mpya.

Mwaka 1952 walishindwa katika mahakama ya chini. Mwaka 1954 Mahakama ya Juu ya Marekani, ikiisikiliza kesi yao pamoja na ya Brown, nayo ya kupinga ubaguzi shuleni, ikawapa haki. Kaunti ya Prince Edward, kwa ukaidi, ikafunga shule zake zote za umma kuanzia 1959 mpaka 1964.