Ng'ombe wa Ankole Analalaje?

Baba Salma analinda geti usiku, kwa hiyo Jumamosi asubuhi nyumbani kwetu huwa ni saa za kunong'ona. Jumamosi ile hakulala. Alirudi saa moja na nusu, akanawa uso, akavaa shati lake la Idi, akasema, "Twendeni kabla usingizi haujanikamata." Tangu Juni alikuwa amemwahidi Salma kwamba maonyesho ya kilimo yakifika hapa Jinja tutakwenda sote watatu. Salma ana miaka minne na hajui viatu vyake viko wapi, lakini ahadi hiyo alikuwa ameihesabia siku.

Tulipanda boda moja, mtoto katikati. Vumbi la Julai lilitufikisha uwanjani tukiwa na nyusi nyekundu.

Nilikuwa na mpango wangu. Mimi ni fundi cherehani, na jirani aliniambia kuna kibanda chenye cherehani za umeme zinazodarizi zenyewe. Niliwaza tumwonyeshe mtoto wanyama haraka haraka, tumlishe, halafu mimi nipate saa yangu moja. Cherehani hizo sijaziona mpaka leo.

Kwenye samaki tulikaa kidogo tu. Kulikuwa na ngege ndani ya matangi ya kioo, na pembeni kamongo mmoja mnene, amelala chini kama gogo. Kijana wa hapo akatuambia tusubiri, huyu lazima apande juu kuvuta hewa kama mtu. Tukasubiri. Akapanda, akafungua mdomo, akashuka. Salma akapiga makofi, akaaga: "Bai, kamongo."

Halafu tukafika kwa ng'ombe.

Mimi nimezaliwa Walukuba, mitaa ya wafanyakazi. Baba yangu aliletwa huku na kazi ya kiwanda cha nguo cha Nytil, na ua wetu ulikuwa na Wasamia, Walugbara, Wajaluo na Wateso, ndiyo maana tulicheza na kugombana kwa Kiswahili. Ng'ombe nawajua kwa kilo, buchani. Mume wangu ni mtu wa Arua, naye huko kwao ng'ombe wana pembe za kawaida. Kwa hiyo tulisimama wote watatu midomo wazi mbele ya dume wa Ankole, mwekundu wa kukolea, wale wanaoitwa bihogo, pembe zimepaa kila upande kuliko mikono yangu nikiinyoosha.

Salma alijificha nyuma ya goti la baba yake. Baada ya muda akatoa kichwa, akauliza, "Baba, analalaje?"

"Analala chini."

"Na pembe?"

Baba Salma akanitazama. Mimi nikatazama ng'ombe. Kweli, akilala ubavu kama sisi, pembe moja itachimba ardhi.

Karibu yetu alikuwepo mwanafunzi mmoja wa udaktari wa mifugo, amevaa koti jeupe na gambuti. Hakujua Kiswahili, nikamuuliza kwa Kiganda. Akaanza kunieleza kwamba ndani ya pembe hizo kuna mishipa mingi ya damu, na hewa ikipita inapoza damu, ndiyo maana mnyama huyu anastahimili jua. Nikamtafsiria Salma. Salma akasema, "Sijauliza jua."

Mwanafunzi akacheka, akamgeukia mzee mchungaji aliyekuwa ameegemea fimbo yake, akamuuliza kwa Kinyankole. Swali la mtoto wangu lilikuwa limevuka lugha mbili kumfikia mzee yule, na yeye hakulijibu kwa lugha yoyote. Aliweka fimbo chini, akachuchumaa kwenye nyasi, magoti amekunja, akainua shingo wima, akafumba macho nusu, akaanza kutafuna hewa polepole. Watu wakasimama kumtazama. Kisha akazungusha kichwa, akakilaza begani, akakoroma. Tukavunjika mbavu. Maelezo yakarudi kwa njia ile ile, Kinyankole, Kiganda, Kiswahili: ng'ombe hukaa kwa kifua, usiku mwingi anasinzia tu huku kichwa kiko juu na anacheua, na akishikwa na usingizi wenyewe hukigeuza kwenye ubavu wake, kwa dakika chache tu.

Salma alisikiliza mpaka mwisho, akasema kwa sauti ya kusikika uwanja mzima, "Kama Baba kazini!"

Ningependa kuwaambia Baba Salma alikana. Alikohoa.

Yaliyobaki ni ya kila maonyesho. Jumba la mpira lililojazwa hewa, watoto wanarukaruka ndani, lilikuwa shilingi 3,000 kwa dakika ambazo nina hakika hazikufika kumi, na mwenye saa alikuwa yeye mwenyewe anayepokea pesa. Salma alitoka akilia, akaingia tena kwa 3,000 nyingine, akatoka akilia vilevile. Tukanunua gonja, zile ndizi ndefu za kuchoma, na muchomo wa mbuzi vijiti viwili. Tulipokaa kivulini kula, baba mtu akalala hapo hapo, ameketi, kijiti cha nyama mkononi. Watu wakapita, mmoja akakanyaga kiatu chake, hakustuka. Salma akamtazama kwa makini sana, kama mtu anayekagua kazi.

"Mama, bado hajageuza kichwa," akaniambia.

Nikamwacha alale. Kutoka pale tulipoketi nilikuwa naona paa la vibanda ambako, nafikiri, ndiko zilikokuwa cherehani. Nikala gonja yake iliyobaki.

Saa kumi na mbili alikuwa geti tena. Kabla hajatoka nyumbani, Salma alimfuata mlangoni na mto wake mdogo.

"Wa ubavuni," akasema.

Aliuchukua. Sijui aliuficha wapi.