Mita Moja na Nusu

Tulikuwa tunahamisha rafu za maktaba, yule kijana wa mafunzo akavuta chini ya meza katoni iliyoandikwa kwa kalamu nene: USIGUSE MPAKA IJUMAA. Akaniuliza kama ina sumu. Ni ya 2020. Kila kitabu kilichorudi kilikaa humo saa 72 kabla ya mwingine kukishika, tukihofia korona imejificha kwenye karatasi.

Mwaka ule mnaujua. Shule zimefungwa tangu Machi, masomo yako redioni, maktaba imetiwa kufuli. Tukatia vitabu guniani, tukavuka feri, tukapanda bodaboda na kuzunguka Likoni, Mombasa, nyumba kwa nyumba, jicho kwenye saa, maana kafyu ilianza saa moja jioni na kivukoni hapakuwa na mchezo.

Nyumba nyingi zimenitoka akilini. Hii moja, ndani ndani Mtongwe, imekataa.

Bibi amekaa barazani anachambua mchicha. Mjukuu wake, msichana wa gredi ya nne, alininyang'anya kitabu kabla sijakitoa vizuri. "Kanawe kwanza," bibi akamwambia. "Kwa sabuni, na uhesabu mpaka ishirini." Mtoto akaingia ndani. Hapo hapo bibi akachomoa simu yake ya kabambe kiunoni, chini ya leso.

"Nisomee, mwanangu. Huyu kusoma anajua, lakini aliyeandika ni mamake."

Mimi niko chini ya ngazi, mita moja na nusu kama tulivyoagizwa, barakoa usoni. Kusoma kutoka pale ni kuutangazia mtaa, na jirani alikuwa anaanika nguo ile ile mara ya pili. Nikapanda, nikakaa naye bega kwa bega, nikasoma polepole. Binti yuko Saudia, kazi za ndani. Tajiri wake hajamlipa tangu Ramadhani. Pesa za mwezi huu zisingojwe. Ndege hakuna. Yuko salama.

"Rudia."

Nikarudia. Mikono yake haikusimama, ila sasa alikuwa anatupa majani, anabakisha vijiti. Ndani tukasikia kumi na saba, kumi na nane.

"Mjibu. Tuko sawa, tumekula."

Mtoto akatoka mikono ikichuruzika maji, akatuangalia. "Mama amesema nini?"

Bibi akanitazama. Nikasema, anakusalimia. Salamu hazikuwemo.

Baada ya hapo kila tulipofika watu walitungoja na simu zao. Vitabu pia vilichukuliwa, nisiseme uongo. Fomu ya mfadhili ilikuwa na safu ya vitabu vilivyoazimwa na ya umri wa msomaji. Ya nyumba ile nikaijaza kitabu kimoja, miaka kumi. Mwenzangu mmoja alitaka tuongeze safu ya simu. Mwingine akauliza, nani kasema hiyo ni kazi ya maktaba? Tulibishana mpaka chai ikapoa, na safu haikuongezwa. Hata leo sijui ningesimama upande gani.

Kuhusu salamu, najiambia kwamba ujumbe wa ng'ambo una gharama, na anayebana maneno huanza kwa kuacha salamu. Najiambia hivyo.