Lava wa minyoo wa Antaktika na mipaka ya kipimo cha DNA

Kwenye sakafu ya bahari inayoizunguka Antaktika yuko mnyoo mmoja ambaye mpiga mbizi hawezi kumkosa. Jina lake la kisayansi ni Parborlasia corrugatus, alilopewa katika karne ya 19, naye ni wa kundi la minyoo utepe. Hufikia urefu wa mita 2, hula karibu kila anachokikuta, kuanzia sponji hadi mizoga ya sili, na ute wake una tindikali ya pH 3.5 hivi, jambo linalowafanya samaki wengi wamwache apite. Mnyama mkubwa na wa kawaida kiasi hiki ungetegemea awe na watoto wanaojulikana vizuri. Hata hivyo, anayevuta wavu wa planktoni, yaani viumbe wadogo wanaoelea majini, hupata katika maji hayo lava (watoto wachanga ambao bado hawajageuka kuwa na umbo la wazazi) wadogo mno wasiofanana hata kidogo na mnyoo yeyote, na kishawishi kikubwa huwa ni kuwabambikia mzazi anayejulikana zaidi.

Lava maarufu wa minyoo utepe huitwa pilidi. Chini ya hadubini anaonekana kama kofia angavu yenye masikio mawili yanayoning'inia, utosini ana shungi la vinywele, na ukingo wote umezungukwa na vinywele vidogo vinavyosukuma maji na kuzoa mwani. Ndani ya kofia hiyo mnyoo halisi hajengwi kwa kurefusha mwili wa lava, bali hutokana na vifuko vidogo vya ngozi vinavyozama ndani kimoja kimoja, vikakua, kisha vikaungana kulizunguka tumbo la lava. Mnyoo mchanga anapokamilika hupasua kofia na kutoka, na katika spishi nyingi humeza palepale sehemu kubwa ya mwili uliombeba. Tendo lenyewe huchukua dakika chache tu baada ya wiki au miezi ya maandalizi. Katika ukuaji wa wanyama wote wasio na uti wa mgongo, sijapata kusoma jambo linalonishangaza kuliko hili.

Kuwapo kwa lava wa aina hii kwenye maji ya nyuzi joto karibu −1.9 ni jambo lenye historia. Gunnar Thorson, mwanabiolojia wa Denmark aliyefanya kazi Greenland katika miaka ya 1930, alitoa hoja kwamba katika bahari za baridi wanyama wa sakafuni huacha kutoa lava wanaoelea na kula, kwa kuwa ukuaji huko ni wa polepole mno ilhali msimu wa mwani ni mfupi, hivyo ni afadhali mama ayalee mayai yake mwenyewe. Hoja hiyo ilikubalika kiasi cha kuitwa kanuni, na kwa baadhi ya makundi bado ina nguvu. Lakini minyoo utepe wa Antaktika hawaifuati, wala baadhi ya viti vya pweza (nyota wa bahari) hawaifuati: lava wa kiti cha pweza Odontaster validus, kwa mfano, wamethibitika kula bakteria, chakula ambacho hakikauki hata katika giza la majira ya baridi. Nadhani Thorson aliona sawasawa kuhusu gharama ya kukua polepole, ila hakukadiria vya kutosha jinsi baridi inavyopunguza mahitaji ya mwili wenyewe.

Tatizo la utambuzi linabaki palepale. Kazi yangu ni ya mbu, na sote tunaoifanya huku tunajua kwamba mbu wa malaria Anopheles gambiae na Anopheles arabiensis hawatenganishiki kwa macho, hivyo mguu mmoja wa mbu huingia kwenye kipimo cha PCR, kinachonakili kipande cha DNA mara nyingi hadi kisomeke, na jibu likatoka. Kwa mbu ninakata mguu, na mwili uliobaki ninauhifadhi kwa ajili ya mwenye shaka. Kwa lava wa mnyoo hakuna mguu wa kukata. Mara nyingi mwili wote huyeyushwa ili DNA ipatikane, na ushahidi pekee unaobaki wa umbo lake ni picha. Picha hiyo ni lazima ipigwe lava akiwa hai, kwa sababu akishatumbukizwa kwenye ethanoli hujikunja akawa donge jeupe lisilo na masikio wala shungi. Ndiyo maana ninayaamini zaidi matokeo yenye picha na namba ya sampuli vinavyooana kuliko yale yenye jedwali la herufi za jeni peke yake.

Kinachosomwa zaidi ni kipande cha jeni iitwayo COI kutoka kwenye mitokondria (sehemu za seli zinazozalisha nishati), chenye herufi takriban 650 za DNA, pamoja na kipande cha jeni nyingine iitwayo 16S. Vianzio vya COI, yaani vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha unakili, vilivyochapishwa mwaka 1994 hufanya kazi kwa wanyama wengi wasio na uti wa mgongo, ndiyo sababu COI ikawa chaguo la kila mtu. Lakini kipimo hiki hakitamki jina; hulinganisha tu kilichosomwa na kile ambacho mtu mwingine alikwisha kukiweka kwenye hazina ya kumbukumbu. Mnyoo mkubwa asipokuwa amekusanywa, akatambuliwa na mtaalamu na kusomwa DNA yake, lava wake atabaki nasaba isiyo na jina. Hali hiyo ndiyo iliyojitokeza Antaktika, ambako vinasaba vimefichua nasaba nyingi za minyoo utepe kuliko maumbo ya nje yalivyodokeza.

Pia DNA imegusa mipaka ya spishi zinazojulikana. Parborlasia wa Antaktika na wale wa ncha ya Amerika Kusini wanafanana kwa nje, na mtu angetarajia lava wanaoweza kuelea kwa miezi wavuke Mlangobahari wa Drake, wenye upana wa kilomita 800 hivi, bila taabu. Vinasaba vinaonyesha kwamba pande hizo mbili zimetengana. Kizuizi kinachotajwa ni mpaka wa maji ambapo joto la bahari hubadilika ghafla, pamoja na mkondo wenye nguvu unaolizunguka bara hilo kutoka magharibi kwenda mashariki.

Kwa maoni yangu, fedha zinazotafutwa kwa ajili ya mashine mpya za kusoma vinasaba zingefaa zigawanywe na kazi mbili zisizovutia wafadhili: kuwalea lava kwenye maji ya baridi hadi wageuke minyoo, na kuwaelimisha wataalamu wachache wa kuwapasua minyoo wakubwa na kuyaeleza maumbo yao. Minyoo utepe hutambuliwa kwa mpangilio wa misuli, neva na viungo vya ndani, ambavyo mara nyingi huonekana tu baada ya mwili kukatwa vipande vyembamba na kutiwa rangi, na ujuzi huo haufundishwi katika mafunzo ya juma moja.