Homa ya ini B na C: saratani ipi hasa ya kuogopa

Ukiambiwa una homa ya ini, swali la kwanza ni ipi. A na E huingia kwa maji au chakula kilichochafuliwa, humlaza mtu wiki kadhaa, kisha kwa walio wengi mwili huvifukuza virusi na mambo yakaisha. Hizo si za kuziwazia saratani. Za kuziwazia ni B na C, pamoja na D, ambayo humwingia tu mwenye B na kumzidishia madhara. Tangu 1994 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani, WHO, umeziweka B na C sugu katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, pamoja na tumbaku. Sugu maana yake virusi vimekaa mwilini zaidi ya miezi sita. WHO ilikadiria kuwa mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wanaishi na B na milioni 50 na C, wengi wao bila kujua.

Virusi hivi viwili hufikia saratani ya ini kwa njia tofauti, na wengi hukosea hapo.

Kirusi cha C hakijipachiki katika DNA ya seli. Kinachofanya kazi ni ini kuwashwa na kuvimba (si uvimbe wa saratani) kwa miaka mingi, mara nyingi 20 au 30: seli zinakufa, nyingine zinazaliwa haraka kujaza pengo, kovu linaongezeka hadi ini linakuwa gumu lenye vinundu, yaani sirosisi. Kila seli inapogawanyika kuna nafasi ya kukosea, na makosa yakirundikana saratani inaanza. Kwa mwenye sirosisi ya C asiyetibiwa, hatari ni kama asilimia 1 hadi 4 kwa mwaka. Kabla ya makovu mengi, saratani ni nadra.

B haisubiri kovu. DNA yake huingia kwenye kiini cha seli ya ini na kubaki humo, na vipande vyake hujipachika katika DNA ya mtu mwenyewe, mara nyingi karibu na jeni iitwayo TERT, ambayo ikiwashwa huiruhusu seli igawanyike bila ukomo. Kwa hiyo mtu mwenye B anaweza kupata saratani ilhali ini lake bado ni laini na vimeng'enya vya ini katika damu, kama ALT, viko sawa. Utafiti mkubwa wa Taiwan uliochapishwa 2006, uliofuatilia watu 3,653 kwa zaidi ya miaka kumi, ulionyesha hatari ikipanda kadiri wingi wa virusi katika damu unavyopanda, hata kwa wenye vimeng'enya vya kawaida. Ukiambiwa "ALT yako iko sawa, nenda nyumbani", uliza wingi wa virusi ni kiasi gani.

Kuna na sumukuvu, sumu ya fangasi anayeota kwenye nafaka na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Huharibu TP53, jeni inayozuia saratani, mahali mahususi, kodoni ya 249, na ikikutana na B madhara yake huzidishana badala ya kujumlishwa tu. Kuchambua na kutupa punje zenye ukungu au zilizosinyaa hupunguza sumu. Kupika hakuiondoi, maana inavumilia moto wa jikoni.

Umri wa kuambukizwa una uzito kuliko watu wanavyodhani. Mtoto mchanga anayeambukizwa B na mama yake ana uwezekano wa takriban asilimia 90 wa kubaki nayo. Mtu mzima chini ya asilimia 5. Ndiyo maana dozi ya kwanza ya chanjo inatakiwa ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa, ikifuatiwa na mbili au tatu zinazopishana kwa angalau wiki nne. Dozi ya wiki ya sita pekee huja imechelewa kwa mtoto aliyeambukizwa wakati wa kuzaliwa. Taiwan ilianza kuchanja watoto wachanga 1984, na saratani ya ini kwa watoto wa miaka 6 hadi 14 ikashuka kutoka 0.70 hadi 0.36 kwa kila watoto 100,000 katika kipindi cha kama miaka kumi. Chanjo ya B ni chanjo ya saratani, na inashangaza kwamba haitangazwi hivyo.

Sasa vipimo. Kwa B, omba HBsAg (protini ya ganda la kirusi) na kingamwili dhidi ya kiini cha kirusi, anti-HBc. HBsAg ikiwa chanya, fuatilia kwa wingi wa virusi, ALT, AST (kimeng'enya kingine cha ini) na hesabu ya chembe sahani, zile za kugandisha damu. Kwa C, kipimo cha kingamwili ni cha kuchuja tu; ikiwa chanya, lazima kifuate kipimo cha RNA, yaani cha virusi vyenyewe, kwa sababu kingamwili hubaki chanya hata baada ya kupona. Watu waliokwisha kupona hutishwa bure kwa kurudiwa kipimo cha kingamwili.

Makovu yanaweza kukadiriwa bila kutoboa ini. Hesabu moja rahisi huitwa APRI: gawanya AST yako kwa kikomo cha juu cha maabara, zidisha kwa 100, kisha gawanya kwa chembe sahani (kwa maelfu katika mikrolita). Mfano: AST 76, kikomo 40, chembe sahani 120. 76 kwa 40 ni 1.9, mara 100 ni 190, kwa 120 ni takriban 1.6. Kwa mwongozo wa B wa WHO wa 2024, zaidi ya 0.5 huashiria makovu ya kutosha kuanza dawa, na zaidi ya 1 hutia shaka ya sirosisi. Tahadhari: malaria, homa ya dengue na maradhi mengine yanayoshusha chembe sahani huharibu hesabu hii. Usiifanye ukiwa na homa.

C inapona. Vidonge vya wiki 8 hadi 12 huiondoa kwa zaidi ya asilimia 95 ya wagonjwa. B kwa kawaida haiondoki, ila vidonge vya tenofovir au entecavir kila siku huvibana virusi na kupunguza hatari. Kosa kubwa ni kuacha vidonge kwa sababu "virusi havionekani". Havionekani kwa sababu ya vidonge. Ukiacha ghafla vinaweza kurudi kwa kishindo na ini likafeli.

Ufuatiliaji wa saratani ni ultrasaundi kila miezi sita, pamoja na kipimo cha damu cha AFP, protini ambayo saratani ya ini huweza kuitoa, pale kinapopatikana. Wanaohitaji ni kila mwenye sirosisi, hata kama C yake imeshapona, na baadhi ya wenye B wasio na sirosisi: wenye ndugu wa damu aliyepata saratani ya ini na wale waliofikia umri wa hatari. Umri huo ni mdogo zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika kusini mwa Sahara, ambako saratani hii huwapata watu wakiwa bado vijana. AFP peke yake haitoshi, kwani uvimbe mdogo mara nyingi hauipandishi.

Ultrasaundi ikionyesha kinundu chini ya sentimita moja, kipimo hurudiwa baada ya miezi mitatu hivi. Kikifika sentimita moja au zaidi, hufuata CT au MRI yenye dawa ya kung'arisha mishipa, na picha hupigwa kwa awamu. Ini zima hupata damu yake nyingi kutoka mshipa wa utumbo. Saratani hii hunyonya kutoka ateri. Kwa hiyo sekunde za mwanzo uvimbe unang'aa huku ini likiwa limefifia, na dakika chache baadaye ini linang'aa na uvimbe unaonekana mweusi. Kwa mwenye sirosisi, picha ya namna hiyo mara nyingi hutosha kuthibitisha bila kukata kinyama. CT ya awamu moja haina msaada hapa, ni pesa iliyotupwa.

Je, viungo vingine? Mirija ya nyongo iliyo ndani ya ini ina uhusiano wa kweli na B na C. Kwingine uhusiano ni hafifu. Utafiti wa China wa karibu watu nusu milioni, uliotolewa 2019, ulikuta wenye HBsAg wakipata saratani ya ini takriban mara 15 kuliko wasio nayo. Kwa tumbo na utumbo mpana ilikuwa karibu mara 1.4, kongosho kama 1.6. Mara 1.4 ya hatari ndogo bado ni ndogo, na kwa tumbo mtuhumiwa mkuu ni bakteria Helicobacter pylori. Hatuoni sababu ya kumpeleka mtu kwenye kamera ya tumbo kwa ajili ya B peke yake.

Ila kuna mtego: mwenye B akiwa na macho ya njano, muwasho, mkojo wa rangi ya chai na choo cheupe, wengi husema "ni homa ya ini yake". Dalili hizo zinaweza kuwa mrija wa nyongo ulioziba, wakati mwingine kwa saratani ya kongosho. Ultrasaundi ya siku hiyo hiyo itaonyesha kama mirija imetanuka.

Na uhusiano huu hurudi pia kinyume. Mtu anayeanza tibakemikali, kwa saratani yoyote ile, apimwe HBsAg na anti-HBc kwanza, kwani kinga ikishuka B iliyolala huamka. Mwenye HBsAg hupewa dawa ya kuvibana virusi kabla ya dozi ya kwanza na kuendelea angalau miezi 6 hadi 12 baada ya ya mwisho. Kwa rituximab, dawa ya saratani inayoshusha kinga sana, huwa miezi 12 au zaidi, na hata mwenye anti-HBc peke yake anahitaji kinga hiyo. Tahadhari hiyo inahusu pia anayetibiwa C akiwa na B: virusi vya C vikiondoka, vya B vinaweza kuamka.