Haragwe limenikatalia leo

Jamani leo nimeaibishwa na mmea.

Iko hivi, kuna mbegu za maharage yale ya kutambaa, yenye maua mekundu, nilipewa na shemeji yangu wa Lushoto. Nikazipanda hapa Nzuguni nyuma ya jiko, mashimo sita, nikachomeka miti mirefu ya kuyashika. Maji ni yale ya kuoshea mboga maana mgao mnaujua wenyewe.

Asubuhi nikakuta mche mmoja unaning'inia tu, upepo wa Dodoma umeuchezea usiku kucha. Nikauzungusha kwenye mti vizuri, taratibu, kama namsuka mtoto, nikaenda zangu kazini nikijiona bwana shamba.

Narudi saa kumi na moja, umejinasua wote!! Na ncha yake imeshaanza kujisokota upya upande wa pili.

Bibi wa jirani, yule mwenye zabibu, alicheka mpaka akakaa kwenye ndoo. Akaniambia mjukuu wangu, haragwe lina njia yake, wewe umelizungushia upande usio wake. Kumbe ukiangalia kwa juu yanazunguka kinyume na mshale wa saa, yote sita, nimeenda kuhakiki moja moja na tochi ya simu.

Nilikaa pale chini nakaangalia kale kancha, kembamba, kana vinyweleo, kamekomaa na mti wake hakana habari na mimi.

Sasa wataalamu, jua hili la kwetu maua si yatapukutika? Mnayafunikaje?